Mdudu Mwenye Adabu wa Bi Mwanaidi

Mwogopa aumaye huliwa na asiyeuma. Mmeisikia jana harusini, mkacheka kwa kuwa wakubwa wamecheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni niwaambie. Nilikuwepo ilipozaliwa, na pilau nilikula.

Ilianza hivi. Hapa Pangani alikuwepo Bi Mwanaidi, mfungaji wa vikuba, yale mafungu madogo ya asumini, mrihani na waridi ambayo bibi harusi huvaa kifuani. Uani kwake alikuwa na vichaka saba vya waridi, na alivisifu kuliko alivyowasifu wanawe. Mjukuu wake Mwanatumu alipochumbiwa, alisimama mbele ya wakwe akatangaza, "Mjukuu wangu hatavaa waridi la kununua wala la kuomba. Atavaa langu!"

Sasa, chini ya paa la uani palikuwa na kiota cha nyigu. Siku moja nyigu akamuuma sikio. Bi Mwanaidi akapandwa na hasira, akawasha kuti kavu, akachoma kiota kizima. Kisha akamgeukia jirani yake, Bwana Mbaraka, mwenye viota vitatu na kichaka kimoja tu cha waridi. "Wewe unafuga nyigu? Uvivu huo!"

"Wao wana kwao, mie nina kwangu, dada," akajibu Bwana Mbaraka, akaendelea kunywa kahawa yake.

Haikupita wiki akaja mdudu mwingine, mweusi mwenye tumbo la njano. Alifanana na nyigu, ila hakuuma. Ukimgusa hana neno. Bi Mwanaidi akampenda. "Huyu ndiye mwenye adabu," alisema, na Mwanatumu akakatazwa kumfukuza.

Mimi ndiye niliyeshona nguo ya harusi. Nilipokwenda kupima, niliona kwenye vijiti vya waridi mistari ya vidonda vidogo, kama mshono wa cherehani. Nikamwonyesha. "Fundi, shona nguo," akaniambia, "waridi niachie mwenyewe." Basi nikashona nguo.

Mle kwenye mshono mlikuwa na mayai ya yule mdudu mwenye adabu. Wakatoka viwavi wa kijani, wakajipanga kwenye kingo za majani kama watu waliozunguka sinia. Ukiwagusa, wanainua mikia juu na kuendelea kula. Nyigu, ambao huwinda viwavi na kuwalisha watoto wao, walikwishachomwa. Bi Mwanaidi aliwatoa kwa mkono, akamwaga majivu, wapi! Siku ya harusi ilipofika vilibaki vijiti na miiba.

Alilia, jamani. Mwanatumu akamwambia, "Bibi, nitavaa asumini tupu."

"Hutavaa pungufu kwa ajili ya kiburi changu."

Akajitanda kanga, akaenda kwa jirani. Kichaka cha Bwana Mbaraka kilikuwa kimejaa maua, na nyigu wakivuma juu yake.

"Hodi, kaka. Nimekuja kuomba waridi."

"Karibu, dada, chuma utakalo. Ila wenye nyumba wapo juu."

"Kumbe hawa ndio wanaokulindia?"

"Mie sijui, dada. Mie mvivu, si ulisema mwenyewe?"

Bi Mwanaidi akacheka huku machozi hayajakauka. Akachuma ua moja moja, na alipofika la mwisho, nyigu akamuuma pua.

Harusini aliingia pua imevimba kama andazi. Kikuba kilinukia chumba kizima. Shangazi wa bwana harusi akauliza kwa sauti, "Mkwe, waridi ndilo lile lako?"

Bi Mwanaidi angeweza kusema ndilo, na nani angejua?

"Silo," akasema Bi Mwanaidi. "Hili nimeliomba. Langu limeliwa lote. Niliyemwogopa kaniuma pua, na pua itapona kesho. Niliyemkaribisha kwa upole wake hakuniachia hata jani. Wanangu, sikieni: mwogopa aumaye huliwa na asiyeuma!"

Shangazi mtu ndiye aliyeanza vigelegele. Mwanatumu alimkumbatia bibi yake mpaka kikuba kikapondeka, na hakuna aliyejali. Basi kesho mtu mpole akiwajia na maneno laini, na mwingine akawakemea, msikimbilie kuchagua. Mwogopa aumaye huliwa na asiyeuma.