Mfereji wa Naenjwa

Masikio yenu yako wapi?

—Yako hapa!

Yapo, au yamesinzia?

—Yapo, tia hadithi!

Naitia. Hapo kale, chini ya mlima mmoja wa Upareni, hapakuwa na mji. Palikuwa na nyumba saba, wazee wenye maneno mengi, na mwanamke mmoja, Naenjwa, mwenye shamba la magimbi na mama asiyeweza kutembea.

Jua likawaka, likawaka, likawaka. Magimbi yakaanza kulala. Yakifa, Naenjwa atahamia nyikani. Na mama atambebaje?

Pimbi, mjumbe wa mlima, akatokea juu ya jiwe lake. "Mlima unasema maji unayo. Chimbeni mfereji mpaka hapa jiweni. Mnazo siku tatu. Ya nne, maji yanakwenda upande wa pili."

Wazee wakafurahi. Wakaketi chini kujadili, maana desturi yao ilikuwa hivi: neno halipiti mpaka kila mtu aseme, na kila mtu akubali.

Siku ya kwanza, Pimbi akauliza, "Mmechimba?"

"Tunajadili."

"Nini?"

"Mfereji upite mlangoni kwa nani."

Siku ya pili, "Mmechimba?"

"Tunajadili."

"Bado mlango?"

"Mlango tumeuweka kando. Sasa ni nani aanze kusema."

Naenjwa akapaza sauti, "Baba zangu, magimbi yanakufa!"

"Subiri zamu yako, mwanangu," akasema Mzee Senkondo. "Wewe ni wa thelathini."

Siku ya tatu, "Mmechimba?"

"Tunajadili."

Pimbi akajishika kichwa. "Leo nini tena?"

"Kama kikao cha jana kilikuwa halali."

Naenjwa akasonya. Msonyo ukapanda mlima, ukarudi. Akatwaa jembe, akaanzia shambani kwake, akanyoosha kuelekea jiweni. Akachimba, akachimba, akachimba, na mama yake mlangoni akimwimbia mapigo. Akafika kikaoni.

"Inueni miguu, baba zangu."

Wakainua, wakiendelea kusema.

"Nani kamruhusu huyu?"

"Hilo nalo lijadiliwe!"

Jua lilipogusa kilele, jembe likagonga jiwe. Pimbi akapiga mbinja. Maji yakaja! Yakawakuta wazee wameketi palepale mferejini, yakawalowesha mpaka kiunoni. Wakaruka, huyu kushoto, huyu kulia, na kwa hasira kila mmoja akajenga upande alioangukia. Magimbi yakasimama. Watu wakasikia kuna maji, wakaja, wakajenga nao. Ndio mji wenyewe: mfereji katikati, nyumba kila upande, na mpaka leo hakuna kikao cha kuketi. Watu hujadili wamesimama, na miguu ikiuma wanakubaliana.

Funzo ni hili: shamba likikauka, chimbeni kwanza, mtabishana mkishakunywa.

Hadithi nimeitua hapo, anayeitaka aibebe. Na mwenye kupinga, asimame.

—Tumekubali!