Kwa Nini Nungunungu Hutembea na Sindano Mgongoni

"Elfu ishirini na tano," alisema Nakijwa, "na mteja anakuja kulichukua Jumamosi. Siwezi kukupa sweta ambalo tayari lina mwenyewe, bibi."

"Mwenyewe ni mimi," nilimwambia.

Tulikuwa barazani kwangu, wanawake wa kikundi chetu cha kufuma, kila mmoja na kikapu chake cha uzi, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nakijwa ndiye mgeni wetu. Aliolewa huku Upare wa juu mwaka jana, akitokea tambarare, ana mikono miepesi na mdomo mwepesi kuliko mikono. Alikuja akijua kroshia, ile sindano moja yenye kulabu, na vitambaa vyake vya makochi ni vizuri, sitamnyima haki yake. Ila huku kwenye baridi kitambaa cha kochi hakimfuniki mtoto. Nikamfundisha kufuma kwa sindano mbili, na sasa alikuwa amefuma sweta lake la kwanza, jekundu, la mtoto wa mwaka mmoja. Alikuwa ameliweka kwenye mfuko wa nailoni na mfuko ameukumbatia kama kuku wa sikukuu.

Kwetu sweta la kwanza haliuzwi. Hupelekwa kwa aliyekufundisha. Sharti hilo nilimwambia kabla hajashika sindano, mbele ya hawa hawa waliokaa hapa. Mimi sina maneno ya pembeni.

"Ungesema unataka ada, ningekulipa ada," alisema. "Sweta zima, bibi? Huo ni utapeli wenye shikamoo."

Wenzake wakacheka, na wengine wakainamia uzi wao ili nisiwaone. Nilikuwa nimeshainuka nusu. Mama Elinami, jirani yangu wa miaka mingi, akanishika kanga. "Kaa," akasema. "Huyu hakukulia huku. Mwambie habari za Nungunungu kabla hamjashikana."

Nikakaa. Nikawaambia, na sasa nawaambia na ninyi.

Kulikuwa na wakati ambapo mnyama wa mlimani hakuzaliwa na manyoya. Alizaliwa mtupu kama kiazi kilichomenywa, na nguo aliyovaa ni ile aliyoifuma mwenyewe. Aliyekuwa hodari alipendeza na aliyekuwa mvivu alitetemeka. Hapakuwa na duka wala mtumba.

Mwalimu wao alikuwa Mnana, yule ndege mdogo wa manjano anayening'iniza viota vyake juu ya kijito. Alimfundisha kila aliyekuja, mkubwa kwa mdogo, na hakudai mtama wala panzi. Alikuwa na sharti moja tu. Kazi yako ya kwanza, ikiisha, uniletee ikiwa bado iko kwenye sindano. Hakueleza kwa nini. Mnana ni ndege wa kazi, aliona kwamba mtu mwenye akili angetimiza sharti kwanza na kuelewa baadaye.

Mbega alilitimiza. Alifuma shuka refu jeusi, akalipeleka kijitoni vitanzi vikiwa bado vimepangana kwenye sindano. Mnana akakaa naye asubuhi nzima, akamwonyesha namna ya kulimaliza, na kwa furaha akamtilia na marembo meupe pembeni. Shuka lile Mnana akalichukua, akalitandika kiotani chini ya makinda yake. Mbega akarudi nyumbani akafuma la pili mfano wa lile, na ndilo alilovaa hadi leo. Ukimwona anaruka mtini, angalia marembo yale yanavyopepea. Hiyo ni kazi ya mtu aliyemaliza masomo.

Nungunungu naye alikwenda kujifunza. Huyu alikuwa na shida ya kweli. Alikuwa na watoto wawili wachanga, hakuwa na pango, na kipupwe kilikuwa kinakaribia, ule msimu ambao ukungu huingia hadi mdomoni. Asingepata nguo na mahali pa kulala, watoto wale wasingemaliza msimu.

Kichwa chake kilikuwa chepesi. Mnana alimwonyesha kuanzisha kazi, akakamata mara moja. Akamwonyesha kitanzi cha mbele, kisha cha nyuma, kisha namna ya kuvichanganya ili kiuno cha nguo kivutike na kurudi. Kila alipoonyeshwa jambo, kabla Mnana hajamaliza, Nungunungu alijibu neno lile lile: "Najua." Mnana akisema uzi usikazwe sana, "Najua." Akisema kitanzi kikidondoka ukirudie kabla hakijashuka chini, "Najua, najua." Sindano alijitengenezea mwenyewe kwa miiba mirefu myeupe, akaichoma motoni ili iwe migumu. Moto ukaiachia mapete meusi, na sindano hizo alizipenda kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye sindano kama zile.

Nilipofika hapo kwenye kusimulia, niliona macho ya baraza yanahama polepole kutoka kwangu kwenda kwa Nakijwa. Yeye akaangalia migomba.

Sweta la kwanza la Nungunungu lilipokwisha, lilikuwa zuri. Sema kweli hata kama inakuudhi: lilikuwa zuri. Alikuwa njiani kulipeleka kijitoni alipokutana na Pimbi. Siku zile Pimbi alikuwa tajiri wa mapango, anayo pale mwambani, makavu, yenye milango finyu ambayo upepo hauipati. Pimbi akaligusa sweta kwa pua. Akasema, "Nipe hili, chagua pango."

Nungunungu akatazama upande wa kijito. Akatazama pango. Watoto wake walikuwa wanatetemeka ubavuni mwake. Simlaumu kwa kuchagua pango, hata mimi ningelichagua. Ninachomlaumu ni kwamba hakupita kwa Mnana kwanza na kumwambia, nina shida hii na hii, nifanyeje. Mnana angemsikiliza. Alichofanya ni kuchomoa sindano, akakata uzi, akamvalisha Pimbi, na alipoulizwa kama kazi imekwisha kweli, akajibu kwamba anajua.

Sasa wanaofuma wameshashika vichwa. Kwa ambaye hafumi, nitasema wazi. Kwa kroshia una kitanzi kimoja tu mkononi. Kazi ikiisha unapitisha uzi humo, unavuta, umemaliza. Kwa sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari wa juu viko hai, vimesimama kwenye sindano kama watoto waliopangwa foleni, na kila kimoja kinamshikilia mwenzake wa chini. Ukichomoa sindano kabla hujavifunga kimoja juu ya kingine, hujamaliza nguo. Umeifungulia mlango ikimbie. Na kufunga hakufundishwi hewani, ni lazima mbele yenu kuwe na kazi iliyofika mwisho. Hilo ndilo lilikuwa sharti la Mnana, hilo tu. Somo la mwisho lilikuwa linaisubiri kazi ya kwanza.

Pimbi alikuwa na ngoma jioni ile, kule kwenye miamba mikubwa. Akaenda amevaa, kifua mbele. Njiani ule uzi wa shingoni ukanasa kwenye mwiba na hakuhisi kitu. Alipoingia uwanjani alikuwa na sweta bila ukosi. Akacheza. Alipogeuka mara ya kwanza lilikuwa limeshuka mabegani. Wenzake wakapiga makofi, naye akadhani wanasifu uchezaji, akaongeza mbwembwe. Ngoma ilipofika mahali pa kuruka, alikuwa amebaki na mkanda kiunoni na uzi mrefu nyuma yake unaopotelea gizani. Ndipo akasikia upepo.

Pimbi aliufuata uzi wake mpaka nyumbani, akiuzungusha mkononi, na alipofika pangoni alikuwa na donge kubwa kama boga. Akalitupa miguuni kwa Nungunungu. "Sweta lako hilo," akasema. "Kesho nataka langu, au unitokee pangoni."

Kipupwe kilikuwa kimeshaingia. Mtu mwingine angeshuka kijitoni asubuhi ile, akainamisha kichwa, akasema nilikosea. Ingemgharimu aibu ya kitambo kidogo. Nungunungu akawaza kivyake. Akajiambia, kosa langu ni kuchomoa sindano. Basi safari hii sitachomoa.

Akafuma usiku kucha na mchana kutwa. Akafuma joho kubwa la kumfunika yeye na watoto wanapojikunja, na kila mstari uliofika mwisho aliuacha kwenye sindano yake, akachukua sindano nyingine akaendelea. Penye kitanzi kilichotaka kuteleza, akachomeka sindano. Penye wasiwasi, mbili. Miiba yenye mapete ikajaa mgongoni mwake kutoka shingoni hadi mkiani, imesimama, inagongana kacha kacha kila anapopumua.

Pimbi akaja kudai. Akaingiza kichwa mlangoni, na Nungunungu akageuka kumjibu. Alipogeuka tu, mlango wote ukajaa ncha. Pimbi akarudi nyuma, akafikiri, akarudi nyuma tena. "Kaa nalo pango," akasema. Naye akaenda kupanda juu ya mwamba, pale ambapo jua la asubuhi hufika kwanza, kwa sababu nguo hakuwa nayo, na katika mapango yake yaliyobaki jua haliingii. Hata leo ukipita mapema utamkuta hapo hapo, amejibanza na ndugu zake, anaota jua na kumtazama kila mpita njia kama mtu anayedai.

Mnana alisikia. Akaja mwenyewe mpaka mlangoni, akatua mbali kidogo, akasema, "Dada, simama nikufungie. Nitachomoa sindano moja moja, na nitakufundisha ninapofanya." Hakutaja sharti wala sweta. Huo ndio ualimu, mimi nisingeuweza. Nungunungu akasimama. Mnana akachomoa ya kwanza, akaanza kufunga, na vile vitanzi vikamtekenya Nungunungu mgongoni. Akaruka. Mnana akamwambia atulie. Na Nungunungu, kwa aibu, kwa baridi, kwa uchovu wa usiku ule wote, akatikisa mgongo mzima na kusema, "Najua."

Mnana akaruka akaenda zake. Ana makinda.

Tangu hapo Nungunungu hutoka usiku, ili asiulizwe atamaliza lini. Watoto wake huzaliwa wamevaa kama yeye, ncha zikiwa bado laini. Akikasirishwa hutikisa zile sindano, kacha kacha kacha, na wazee wetu wakizisikia husema, anajua huyo. Na kwa kuwa hazikufungwa, sindano humdondoka, moja hapa, moja kule. Siku moja mwanamke wa mlima huu aliyekwenda kuokota kuni alikuta mbili njiani, laini, zenye mapete. Akazishika mkononi akaona zinataka kazi. Akaenda kukaa kando ya kijito, akatazama juu kwa Mnana mpaka shingo ikamuuma, akajifunza. Kazi yake ya kwanza akaitundika kwenye tawi la Mnana, ikiwa bado kwenye sindano.

Na tangu siku ile, huku kwetu, anayejifunza kufuma hupeleka kazi yake ya kwanza kwa aliyemfundisha. Haiuzwi, haivaliwi, haiahidiwi mteja. Wanaifunga pamoja, kisha mwalimu huiweka mpaka azaliwe mtoto mlimani, naye huvikwa. Watoto wa huku wote wamekulia ndani ya makosa ya mtu, na hakuna aliyekufa kwa baridi.

Nilipomaliza, wenzangu wakarudi kwenye sindano zao. Nakijwa hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, na hilo ndilo lililonifanya nimpende tangu mwanzo.

"Bibi," akasema, "wewe kila siku unatuambia ulijifunza mwenyewe. Sweta lako la kwanza ulimpa nani?"

Mama Elinami akaguna. Alijua jibu, alikuwepo.

"Mimi nilijifunza kwa kufumua," nikamwambia. "Baba aliacha sweta kuukuu, nikalifumua mstari kwa mstari kuona uzi ulipitia wapi. Na sweta hufumuliwa kuanzia lilipofungwa. Kwa hiyo wenzangu wanaanza na kuanzisha, mimi nilianza na kufunga. Lilipokwisha langu, sikuwa na mwalimu wa kumpelekea. Nikashuka kijitoni nikalitundika kwenye tawi, kama yule wa zamani. Nikarudi siku za baadaye nikakuta limebaki kipande, na kila kiota juu ya maji kina uzi wa bluu."

Nakijwa akauweka vizuri ule mfuko mapajani, na alipouinua kidogo nikaona nilichokuwa nimekihisi tangu asubuhi. Nailoni ilikuwa imetoboka mahali pawili, na ncha mbili za sindano zilikuwa zinachungulia nje.

"Mteja anakuja Jumamosi," nikasema. "Unampa na sindano zake, au unazichomoa?"

Baraza likacheka, na safari hii hakuna aliyejificha kwenye uzi. Nakijwa mwenyewe mdomo ukamcheza. Akavuta pumzi kutaka kusema neno, na wote tulilijua neno lenyewe, akalimeza.

Nikasogea nikamwachia nafasi kwenye mkeka.

"Mteja mfumie lingine, la pili ni lako na bei yake ni yako. Hili ni langu. Lete."