Matanga ya Mwambani

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama wote walipokuwa wakila kutoka ghala moja, palikuwa na hospitali juu ya mwamba. Msifikirie hospitali ya mabati na vitanda vya chuma. Yalikuwa mapango tu, yamefagiliwa, yametandikwa majani makavu, na muuguzi wake alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mfupi, mnene wa kiuno, asiye na mkia. Ukimwona utadhani ni panya aliyeshiba. Lakini mwepesi wa miguu, na wa akili zaidi.

Basi mwaka huo Pimbi alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka mpaka masikio.

Sababu ni ghala. Ghala lilikuwa pangoni kule bondeni, na mlangoni pake pamezibwa kwa jiwe kubwa. Jiwe hilo mmoja haliwezi. Lazima walisukume wawili: Nyati, msemaji wa wanyama wa nyikani, na Kiboko, msemaji wa wanyama wa mtoni. Kila baada ya mavuno hukaa barazani, wakakubaliana nani apate nini, kisha wakatia mabega, gurrr! Kila mtu akachukua fungu lake, na hospitali ikachukua lake.

Mwaka huo hawakukubaliana. Nyati alitaka kwanza wanyama wa nyikani wachimbiwe magadi ya kulamba. Kiboko alitaka kwanza mto uzibuliwe matope. Nyati akasema, "Sisukumi!" Kiboko akasema, "Hata mimi sisukumi!" Wakaenda zao nyumbani kula, maana nyumbani kwao akiba ilikuwepo.

Mwambani akiba haikuwepo.

Pimbi akateremka mpaka kwa Nyati. "Hodi, Mheshimiwa."

"Karibu. Ah, muuguzi! Umekuja tena?"

"Nimekuja tena. Asali imekwisha. Mizizi ya kifua imekwisha. Bibi Sange anakohoa mpaka mbavu zinamlia, na sasa mtoto wa Mama Digidigi naye ameanza."

"Pole, muuguzi. Pole sana, pole tena sana!" Nyati akaweka kwato kifuani. "Roho yangu yote iko mwambani. Lakini mimi nifanyeje? Nenda kamwambie Kiboko. Yeye ndiye mkaidi."

Pimbi akaenda mtoni. Kiboko alikuwa majini, yanaonekana macho tu.

"Hodi, Mheshimiwa."

"Pwaaa!" Kiboko akapuliza maji. "Ni wagonjwa tena? Pole, mwanangu. Wagonjwa ni wetu sote. Lakini Nyati kashika pembe zake hataki kuachia. Mwambie alegee yeye kwanza."

Alishateremka na kupanda hivyo tangu mavuno. Pole alizopewa zingekuwa uji, wanangu, angelisha nchi nzima na makombo yakabaki.

Alikuwa bado pale mtoni, anatafuta neno ambalo hajalisema, Kanga alipokuja mbio, manyoya yamemsimama. "Ke-ke-ke-ke! Msiba! Msiba! Bibi Sange amefariki!"

Pimbi akaketi kwenye matope. Asubuhi ile alikuwa amemshika bibi mkono, akamwambia, "Nivumilie, bibi, nakuja na asali." Bibi akamwamini.

Na hapo ndipo alipoona jambo. Kiboko alitoka majini, chubwiii, mto mzima ukatikisika. "Msiba hauna mjadala!" akanguruma, akashika njia ya ghalani. Walipofika walimkuta Nyati ameshatangulia. Hawakusalimiana. Hawakutazamana hata. Kila mmoja akatia bega upande wake, gurrr! Jiwe likaenda kando kama kifuniko cha sufuria.

Pimbi akabaki mdomo wazi. Asali ikatoka, vyungu kwa vyungu. Mtama ukatoka. Mizizi ya kifua ikatoka, ya kuchemshia waombolezaji chai, wasije wakapata baridi. Vyote vikapelekwa matangani. Nyati akahutubia, Kiboko akahutubia, watu wakala. Chungu cha mwisho alikilamba Kiboko mwenyewe, akajipangusa machozi kwa mkono uleule uliojaa asali. Kisha wakarudisha jiwe mahali pake, na ugomvi wao ukaendelea palepale ulipoishia.

Bibi Sange akazikwa bila kuonja hata tone.

Jioni Mama Digidigi alimngoja Pimbi mlangoni pa pango, mtoto mgongoni. "Kho! Kho!" mtoto akakohoa, mwili wote ukatetemeka.

"Muuguzi, nambie kweli, nisifichwe," mama akasema. "Na mwanangu mimi asubiri baraza?"

Pimbi akamgusa mtoto kifuani. Kifua kilikuwa cha moto. Hasira ikampanda, hasira ya mtu aliyechoka, ambayo haina hata nguvu ya kupiga kelele.

"Asisubiri," akasema. "Kesho tutafiwa."

"Yarabi! Na nani?"

"Watakaokuja hawatauliza. Wewe kazi yako kulia."

"Lakini mimi kulia uongo sijui, muuguzi."

"Mama wee, kwani umekosa cha kulilia?"

Mama Digidigi akamweka mtoto vizuri mgongoni. Cha kulilia hakukikosa.

Kulipokucha, Pimbi akatandika mikeka nje, akamwagia jiko maji, akajifunga kaniki kichwani. Mama Digidigi akajikalisha chini, akamtazama mwanawe, na kilio kikaja chenyewe. "Uwiii! Uwiii!"

Kanga huyoo, akasimama ghafla. "Ke! Kuna nini mwambani?"

"Tumefiwa, shoga yangu," Pimbi akasema.

"Ke-ke-ke-ke!" Kanga hakungoja la pili. Akaruka, akaenda akipaza sauti nyika nzima. Ni kama alivyosema Pimbi: hakuuliza ni nani.

Haikuchukua muda, bondeni ikasikika gurrr! Mara wanyama hao wanapanda mwamba, vyungu vichwani, magunia migongoni. Pimbi akawapokea mlangoni.

"Asanteni, asanteni. Ila marehemu ameacha wosia: pasilambwe kitu kabla ya maziko. Vyote viingie ndani kwanza."

"Wosia wa marehemu hauvunjwi," wakasema, ingawa Kiboko alisema hivyo kwa uchungu. Vyungu vikaingia. Mama Digidigi naye akaingia nyuma yavyo, akawasha moto wa ndani, akatia mizizi chunguni. Mlio wa kijiko ukasikika kidogo, lakini nje hotuba zilikuwa zimeanza, nani wa kusikiliza kijiko?

Nyati alisimama wa kwanza. "Ndugu waombolezaji! Marehemu nilimjua. Mimi na marehemu tulikuwa chanda na pete. Jambo lake langu, langu lake. Pengo aliloacha halizibiki!" Akalia mpaka kamasi zikamtoka.

Kiboko akaona anaachwa nyuma. Akainuka. "Chanda na pete ni nini? Mimi na marehemu tumenyonya ziwa moja! Juzi tu aliniita, akaniambia, 'Kiboko ndugu yangu, nikiondoka, tegemeo la watu hawa ni wewe.'"

"Alikuambia wewe?" Nyati akafoka. "Naongeza vyungu vya asali!"

"Hivyo tu? Naongeza asali na mtama!"

"Naongeza mizizi, magunia!"

Wakateremka bondeni mbio, wanapigana vikumbo njiani. Gurrr! Wakapanda. Wakashindana tena, wakateremka tena. Gurrr! Kila walipopanda, Pimbi akawaonyesha kwa kidole, "Ndani, tafadhali. Kushoto." Alikuwa hacheki. Alikuwa akiwatazama tu, na kila chungu kilichopita mbele yake alikiona kingeweza kuwa cha Bibi Sange.

Mwishowe akaja Mzee Ngiri, mchimba makaburi, udongo umemjaa puani. Hotuba hakuzisikia, alikuwa kazini.

"Samahanini, wakubwa," akasema. "Nimeanza kuchimba kwa kukisia, lakini mgongo wangu si wa kubahatisha. Marehemu ni wa kimo gani?"

Nyati akajipangusa kamasi.

"Nauliza kimo tu. Mrefu? Mfupi?"

Wanyama wakatazamana. Halafu wote wakawageukia wasemaji wao.

"Eee..." Nyati akakohoa kidogo. "Wa kati. Alikuwa wa kimo cha kati."

"Mrefu," Kiboko akasema. "Yaani, mrefu wa kiasi. Ukimtazama kwa mbali."

Mzee Ngiri akakuna kichwa. "Mmoja chanda na pete, mwingine kanyonya naye ziwa moja, na hamjui kimo chake? Basi nambieni jina, nitamkumbuka mwenyewe."

Nyati akamtazama Kiboko, akitumaini safari hii yule mwenziwe ajue zaidi. Kiboko akatazama chini.

Na kutoka pangoni ikasikika: "Kho! Kho!"

"Nani huyo?" Nyati akashtuka.

"Ndiye marehemu, Mheshimiwa," Pimbi akasema. "Bado anakohoa, ila tangu apate asali kikohozi kimelegea."

Mama Digidigi akatoka na mtoto mkononi, midomo yake inang'aa asali. Mtoto akawatazama wakubwa wale, akaficha uso.

"Umetudanganya!" Nyati akapiga kwato, vumbi likatimka. "Kijinyama kama wewe! Hakuna aliyekufa hapa!"

"Yuko aliyekufa, mlimzika jana na mkala asali yake," Pimbi akasema. Sauti haikupanda. Hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Huyu alikuwa anafuata. Hospitali nayo ilikuwa inafuata. Mmekuja mapema kidogo, Waheshimiwa, ndilo kosa lenyewe."

"Virudishwe!" Kiboko akanguruma. "Vyungu vyote! Sasa hivi!"

Mzee Ngiri akachomeka jembe lake ardhini. "Rambirambi irudishwe? Tangu lini? Mwenye kubeba rambirambi akairudisha kwake, na msiba amebeba. Bebeni, mimi nitakuja kuchimba kwenu."

Wakubwa wakatazama vyungu. Hakuna aliyegusa hata kimoja. Wanyama wengine wakaanza kucheka chini chini, wakiziba midomo, kisha Kanga akashindwa kujizuia, "Ke-ke-ke-ke!", na mwamba mzima ukapasuka kwa kicheko. Nyati akateremka upande mmoja, Kiboko upande mwingine.

Mngedhani hapo wamepata funzo, wanangu. Ndiyo, walilipata, ila si lile mnalolidhani. Siku ileile baraza likakutana. Kabla jua halijazama Kanga akapanda mwambani na habari, anahema.

"Shoga, wamekubaliana!"

Pimbi alikuwa ananywesha mtoto uji. Moyo ukamruka. "Juu ya fungu la hospitali?"

"Wapi! Hilo hata halikutajwa. Wamepitisha kwamba kuanzia leo jiwe halisukumwi kwa msiba mpaka kwanza maiti ionekane. Hakuna aliyebisha. Nyati na Kiboko wakapeana mikono, wakakumbatiana."

Pimbi akataka kucheka, akaona hata kucheka kunamchosha. Akavihesabu kwa macho vyungu vilivyopangwa ukutani. Vingemfikisha mavuno yajayo, na baada ya hapo hakujua. Mtoto akamvuta kaniki, akafungua mdomo, anataka kijiko kingine. Pimbi akachota, akapuliza kipoe, akampa.

Hadithi yangu imekaa chini hapo, nami nimekaa nayo. Mliosikia, shikeni hili moja: kibaba cha mgonjwa ni bora kuliko gunia la matanga.