Msiba wa Faru Aliye Hai

— Enyi mliokaa!
— Tumekaa!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Ya kuazima?
— Yetu wenyewe!
— Haya, yafungueni, ngano inapita. Na atakayenikatiza leo ataimalizia yeye.

Hapo kale Pimbi na Faru walikuwa watani. Utani wao ulianzia kwa babu wa babu zao, na masharti yake mnayajua: mtani hukutania, hukuchukulia kitu chako mchana kweupe, nawe hukasiriki. Lakini ukipata shida, yeye ndiye wa kwanza kufika. Faru wa wakati huo aliitwa Kishindo, na ile sehemu ya kuchukua aliijua vizuri sana.

Pimbi waliishi kwenye jiwe kubwa, na chini ya jiwe walilima maboga. Maboga yakiiva tu, Kishindo huyo! Du! Du! Du!

"Enyi vibonge msio na mkia!" anawatania.

"Karibu, pua kigingi!" pimbi wanajibu, wanacheka.

Naye anakula kwapu, kwapu, kwapu, anawaachia vikonyo. "Mimi ndiye ngao yenu," anasema. "Chui akija, niiteni tu."

Siku moja akamkuta pimbi amesimama juu ya jiwe, analinda. Akanuna.

"Huyo wa nini, na mimi nipo? Mnanidharau?"

Pimbi wakaona haya, wakamshusha mlinzi.

Siku nyingine akayaona mashimo yao ya kujifichia. Akanuna.

"Haya ya nini, na mimi nipo? Mnanidharau?"

Pimbi wakaona haya, wakayaziba mashimo. Kwa mikono yao wenyewe, jamani! Nikifika hapa huwa natamani kuwachapa.

Chui akapata habari. Jumatatu akaja, nya, nya, nya, akamchukua shemeji wa pimbi mmoja aliyeitwa Bi Mashavu. Pimbi wakaita, "Kishindo eee! Mtani eee!" Kimya. Jumanne akaja, nya, nya, nya, akamchukua mwenyekiti katikati ya kikao. Pimbi wakaita, "Kishindo eee! Mtani eee!" Kimya. Chui akaondoka akisema, "Kesho adhuhuri nawafuata wale wachanga wanne."

Wachanga wale walikuwa wa huyo huyo Bi Mashavu, pimbi mwembamba mwenye maneno mengi. Akatoka mbio mpaka kwa Kishindo, akamkuta amelala kwenye matope, boga mdomoni.

"Mtani, tumekuita mara mbili."

"Nimesikia."

"Mbona hukuja?"

"Nitakuja. Babu zetu walikubaliana kwamba nitakuja. Hawakusema lini."

"Kesho adhuhuri Chui anawafuata wanangu!"

"Masikini. Basi niwekeeni yale maboga ya mbegu, nipitie kesho nile, nipate nguvu za kuja."

Bi Mashavu akarudi. Nusu ya njia alilia kwa woga. Nusu iliyobaki alifikiri. Alipofika kwenye jiwe akaweka mikono kichwani.

"Uuuwi! Mtani wetu Kishindo amefariki!"

"Amefariki lini?"

"Tumemwita mara mbili kwenye shida, hakuja. Mtani mzima anafanya hivyo?"

Pimbi wakatazamana. Kweli, haijapata kutokea. Wakaanza kulia.

Na mtani akifa, kazi ya watani inajulikana: kuchekesha waliofiwa kwa kumwiga marehemu, mwendo wake na sauti yake. Basi kesho yake asubuhi pimbi wakapika maboga yote yawe chakula cha msiba, wakaacha mbegu tu, wakaanza kumwiga Kishindo. Kila mmoja alijifunga mwiba mrefu puani. Wengine walikanyaga kwa pamoja: Du! Du! Du! Wengine walitumbukiza midomo kwenye maganda ya maboga wakakoroma: Hrrmf! Hrrmf! Vumbi likapanda juu.

Adhuhuri Chui akaja, nya, nya, ny... Akasimama.

Du! Hrrmf! Du! Hrrmf! Kwenye vumbi, pembe tupu.

"Yule mmoja najua ni mvivu," Chui akasema. "Hawa arobaini je?"

Akabana mkia, tifu tifu tifu, mpaka ng'ambo ya mto.

Njiani alipishana na Kishindo, aliyekuwa anafuata chakula chake.

Kishindo akafika kwenye jiwe. "Maboga yangu yako wapi?"

"Shh," akasema Bi Mashavu, anatafuna. "Marehemu hali."

"Marehemu nani?"

"Wewe."

"Mimi mzima!"

"Hata sauti ndiyo hiyo hiyo," akalia bibi mmoja. "Mungu amlaze pema."

"Nitawakanyaga wote!"

Bi Mashavu akamtazama. "Unakasirika, mtani?"

Kishindo akakumbuka masharti. Akikasirika, utani umekufa, na maboga ya mwakani hatayaonja. Akajilazimisha kucheka, hrr, hrr, machozi yanamtoka.

"Sasa nifanyeje nifufuke?"

"Ukiitwa, uje. Na mashimo tunazibua leo."

Tangu siku hiyo Kishindo akiitwa anakuja mbio, jasho linamchuruzika. Na kila akifika anakuta Chui ameshafukuzwa, mlinzi yuko juu ya jiwe, na wanawe Bi Mashavu wanacheza.

"Nimechelewa?"

"Wala, mtani, umewahi kabisa. Masufuria yale pale, hayajaoshwa."

Na hapo ngano imefika kwake, nami naenda kwangu.

— Na funzo je?

Funzo? Watoto wazuri, mkipata rafiki mkubwa, zibeni mashimo yenu, mshusheni mlinzi wenu, mkae mngoje. Mkiliwa, angalau mtakuwa mmeliwa kwa adabu.