Pimbi Aliyepanda na Sinia Lake

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sinia lipo?"

"Lipo!"

"Mwenye njaa je?"

"Yupo!"

"Basi asogee."

Alikuwapo Pimbi, mwili mdogo, moyo mkubwa. Kiangazi kizima alirina asali, nyuki wakamuuma mpaka masikio yakavimba. Ndugu zake wakadhani anajiandaa kuolewa. Kumbe alitaka kwenda kupumzika pwani, tena peke yake. Wakamcheka mno. Yeye akajitwika mtungi wake wa asali, huyo, tipu-tipu-tipu, mpaka hoteli ya Mzee Mamba, ufukweni.

Mzee Mamba akaupokea mtungi wote kuwa malipo. Akasema hapa kwake kila kitu kimo: chakula, kivuli, na mahali popote mgeni apendapo kukaa. Kisha akamtazama kwa huruma ya uongo.

"Uko peke yako, mjukuu wangu? Pole. Kwetu mgeni hali peke yake. Nitakula nawe."

Asubuhi likaja sinia la muhogo wa nazi. Mamba akafungua kinywa, chwap! gudu! Pimbi akapata nyuzi. Mchana likaja sinia la wali na samaki. Chwap! gudu! Pimbi akapata miiba. Jioni likaja sinia la pilau. Chwap! gudu! Pimbi akapata iliki. Komba na Kindi nao walikuja peke yao, nao masinia yao yaliliwa vivyo hivyo. Wakamshauri avumilie, maana ndiyo adabu ya hapa.

Pimbi akakasirika. Asali yake, nyuki walimuuma yeye, na njaa nayo iwe yake? Hapana.

Kesho yake mchana akalipokea sinia mlangoni kwa mpishi, akajitwika, akaupanda mwamba mrefu uliosimama mbele ya wageni wote, pata-pata-pata. Akaketi juu, akanawa mikono.

"Karibu chakula, babu," akaita. "Mgeni hali peke yake."

Mamba akautazama mwamba. Akaweka mguu, akateleza, pwata! Wageni wote wakamkodolea macho. Sasa akiri mbele yao kwamba hawezi kupanda? Si heshima yote imekwisha? Na aliyekaribishwa chakula asiende, ana neno moja tu la kiungwana. Tumbo likanguruma, nguu, nguu, naye akalisema.

"Starehe, mjukuu. Mimi nimeshiba."

Pimbi akamgeukia mpishi. "Umemsikia mwenyewe. Babu ameshiba, usimpakulie."

Komba akamtazama Kindi. Wakachukua masinia yao, nao wakapanda. Jioni wakamkaribisha babu, akashiba. Kesho wakamkaribisha, akashiba. Pimbi alipokuwa ameota kitambi, Mzee Mamba alikuwa bado ameshiba, mbavu zinahesabika.

Hadithi yangu naitua hapa, aitakaye aiokote. Na funzo lake ni hili, watoto wazuri: msisafiri peke yenu, kuleni na mwenyeji wenu, wala msikae juu ya wakubwa.

Pimbi hakulisikia funzo hili. Alikuwa anakula.