Ufa wa Gari Jekundu

“Ufa haukurudi, haukuondoka.” Ndivyo shangazi yenu alivyomjibu mumewe leo mbele ya wazee, mume alipoomba suluhu kwa mara nyingine. Wazee wakatikisa vichwa kana kwamba wameelewa, na nyinyi mmekuja huku mnaulizana: kitu ambacho hakikurudi, na wala hakikuondoka, kiko wapi? Msione haya. Nusu ya hao waliotikisa vichwa hawajui pia. Wekeni simu chini, msikilize. Maneno haya si ya mfalme wala ya mtu wa kale sana. Yalitoka gereji, Ngamiani hapa Tanga, na asili yake ni gari.

Gereji ile ilikuwa ya mafundi wawili. Shekiondo alikuwa fundi wa bodi, mtu wa nyundo. Umletee gari lililokunjamana kama karatasi ya karanga, atalinyoosha hadi wewe mwenyewe usahau uligonga nini. Mbaruku alikuwa fundi wa rangi, mpole, mwenye kucha za madoadoa, ambaye aliweza kuitazama rangi juani akakuambia imechanganywa nini na nini. Walianza kazi pamoja wakiwa vijana, na watoto wao walikuwa wakilala nyumba hii na kuamkia ile. Ukimwita mmoja, wanaitika wawili.

Siku moja akaja Bi Perpetua, mjane wa Bwana Mhina aliyekuwa meneja wa shamba la katani huko Muheza. Alikuja na gari la marehemu, gari la mashindano la Kiingereza, la zamani, jekundu, la viti viwili, fupi kiasi kwamba kuingia ndani yake ni kama kulala kitandani. Kwenye madigadi ya nyuma, kile kifuniko cha juu ya gurudumu, upande wa kushoto, lilikuwa na ufa wa shibiri mbili.

Shekiondo akapagonga kwa ukucha. Sauti aliyoisikia haikuwa ya bati. Akatoa sumaku yake mfukoni akaibandika, sumaku ikaanguka chini. Akaiokota, akaifuta kwenye suruali kana kwamba kosa ni la sumaku, akaibandika tena. Ikaanguka tena.

“Mama, gari hili limetengenezwa kwa nini?”

“Faiba, mwanangu. Nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Nyundo usiiguse. Na marehemu alikuwa akisisitiza jambo moja: kazi ya faiba ifanywe ndani. Ndani, umenisikia? Ukiifanya nje unajichosha bure.”

“Ndani, mama. Nimesikia.”

Kusikia alisikia. Kuelewa ndiko kulikomshinda, na neno lenyewe ni dogo hivyo. Gereji yao, kama gereji zote za mtaani, kazi zilifanyiwa uwanjani, na banda lilikuwa la kuwekea vifaa. Shekiondo akaona ndiyo, mambo ya kioo na gundi haya, huenda hayapatani na jua na vumbi. Akatoa bandani matairi mabovu na milango isiyo na magari, akafagia, akalisukuma gari ndani na kufunga mlango. Akafanya kazi kwa adabu kubwa, hata redio akazima. Akausugua ufa kwa msasa, akaujaza puti, lile dongo la kuzibia nyufa, akalainisha. Mbaruku akaingia akapuliza rangi. Walipomaliza, madigadi iling'aa hata ungeapa haijawahi kuguswa.

Kesho yake wakalisukuma gari uwanjani, wakaliosha, wakalirudisha bandani na kufunga kufuli. Asubuhi iliyofuata Shekiondo akafungua mlango, akainama, akabaki ameinama. Ufa ulikuwa pale pale, mwembamba kama unywele.

Akasema puti ni mbovu, akaenda kununua ya duka jingine. Wakajaza, wakapuliza rangi, wakasukuma nje, wakarudisha. Ufa ukarudi. Akasema ni joto la banda, akang'oa mbao mbili ukutani hewa ipite. Ufa ukarudi. Ikafika mahali akawaza yale ambayo mtu mzima huwaza na hayasemi, akamwita mtu wa kusoma dua. Ufa ukarudi, tena safari hii umerefuka. Alikuwa amenyoosha magari ya watu nusu ya mji, na sasa kitu kisichoshika hata sumaku kilikuwa kinamcheka. Aliliota gari lile. Akiwa mezani na mkewe alikuwa akiupapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba, akitafuta ufa.

Sasa, mtu akikosa jibu kwake hulitafuta kwa mwenziwe. Shekiondo akaanza kuhesabu funguo za banda. Ziko mbili, moja yake, moja ya Mbaruku. Mlango haujavunjwa. Asubuhi moja akamkuta Mbaruku ameegemea gari lile, kiganja kimelala juu ya madigadi.

“Unafanya nini hapo?”

“Naisikiliza rangi kama imekauka,” Mbaruku akajibu. “Vipi?”

“Kuna mtu anaingia humu anaugonga ufa huu. Mimi si mjinga.”

Mbaruku akaondoa kiganja kwenye gari. Hakuuliza ni mtu gani. Akatoa ufunguo wake mfukoni, akauweka juu ya kiti cha gari, akakunja mpira wa kompresa yake, ile mashine ya upepo wa kupulizia rangi, akamwita mtu wa mkokoteni. Alasiri ile alikuwa tayari anapiga rangi kwenye gereji nyingine, Chumbageni.

Shekiondo akabadilisha kufuli. Akajaza puti upya, akapaka rangi mwenyewe, vibaya lakini akapaka. Akalisukuma gari nje, akalirudisha. Ufunguo akautia kwenye uzi akauvaa shingoni.

Asubuhi ufa ulikuwa umerudi.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa kikwelikweli. Akakaa juu ya tairi. Kama si Mbaruku, ni nani? Na kama si Mbaruku, basi yeye Shekiondo amemfanya nini yule bwana? Aliogopa swali la pili kuliko la kwanza, kwa hiyo akalishikilia la kwanza, na wala halikuwa na jibu.

Akiwa vile vile juu ya tairi, Bi Perpetua akaingia. Alitazama madigadi, akatazama sura ya fundi, kisha akainama na kupeleka mkono nyuma ya gurudumu, upande wa chini wa ile madigadi.

“Mbona huku hapajaguswa?” akauliza. “Njoo uweke mkono hapa.”

Shekiondo akaweka mkono. Ufa ulikuwa wazi, wote, na nyuzi zilizokatika zikamchoma vidole.

“Mama,” akasema taratibu, “si ulisema tufanye ndani?”

“Nilisema.”

“Tumefanya ndani. Hata mlango tulifunga.”

Bi Perpetua akamkodolea macho. Halafu akacheka mpaka akashika gari asianguke. “Ndani ya bodi, mwanangu! Ndani ya bodi, si ndani ya banda! Faiba hupasuka kuanzia upande wa pili. Ukipaka puti nje, kila unapolisukuma gari bodi inajipinda, na puti inapasuka palepale.”

Shekiondo hakucheka. Alijifungia na gari lile, akafungua gurudumu, akalala chali, akakwangua faiba iliyoharibika, akatandika kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi, tabaka juu ya tabaka, mpaka upande wa ndani ukawa mzima. Ndipo akashughulikia nje. Akalisukuma uwanjani na kulirudisha, na asubuhi madigadi ilikuwa kimya. Lakini ilibaki na baka la kijivu, maana aliapa hatapaka rangi tena kwa mkono wake. Akaoga, akaenda Chumbageni.

Akamkuta Mbaruku anachanganya rangi.

“Ndugu yangu, nimegundua. Hukuwa wewe.”

“Hilo mimi nililijua,” Mbaruku akasema bila kuinua macho.

“Kumbe ule ufa ulikuwa unarudi kwa sababu...”

“Ufa haukurudi,” Mbaruku akamkatiza. “Haukuondoka.”

“Ndivyo hasa! Ulikuwa upande wa ndani, na sisi...”

“Sisemi gari, Shekiondo.”

Shekiondo hakuelewa, na uso wake ulisema hivyo.

Mbaruku akaweka kijiti cha kukorogea chini. “Unakumbuka lilipopotea lile bomba la gereji la kupulizia rangi? Ulikuja moja kwa moja kwenye mkoba wangu, ukaumwaga chini mbele ya wateja. Nguo zangu za ndani watu waliziona. Bomba likakutwa kwenye buti la gari la mtu. Wazee wakatuita, tukanywa kahawa, wakasema yamekwisha. Wewe ukasema yamekwisha, na mimi nikasema yamekwisha. Lakini hujaniambia mpaka leo kwa nini ulianza na mkoba wangu. Tulipaka rangi tu.”

“Mimi nilidhani yamekwisha kweli.”

“Na mimi nilitamani yawe yamekwisha. Sasa niambie. Kwa nini mkoba wangu?”

Shekiondo akatazama vidole vyake, vyenye vijeraha vya nyuzi za kioo. Ilikuwa rahisi kusema sijui. Alikaribia kabisa kusema sijui.

“Nilikuonea wivu,” akasema. “Mtu akija kuchukua gari lake anasifu rangi. Anakushika mkono wewe. Bati nililolinyoosha mimi, likinyooka halionekani. Siku ile nilitaka uwe na kosa. Na safari hii pia nilitaka.”

Machozi yakamlenga Mbaruku. “Ewe mtu wa ajabu,” akasema mwishowe. “Mimi kabla ya kupuliza rangi hulipapasa kila gari kwa kiganja. Najua kazi yako kuliko mkeo anavyokujua. Ungeniuliza ningekuambia.”

Hakurudi gerejini siku ile, msije mkadhani mambo ni mepesi hivyo. Alirudi baada ya majuma kadhaa, na walizungumza mengi kabla ya mkokoteni kuileta ile kompresa. Siku alipolipaka rangi gari jekundu, Bi Perpetua alikuja akasifu rangi. Mbaruku akaushika mkono wa mama yule, akaupeleka nyuma ya gurudumu, akasema, “Papasa na huku, mama. Huku ni kwa Shekiondo.”

Basi ndiyo hayo. Shangazi yenu leo hakukataa suluhu, kama mnavyonong'ona. Mumewe alikuja kuomba radhi kwa ugomvi wa juzi, kama alivyoomba kwa ule wa mwaka jana na ule wa kabla yake, na kila mara watu wananywa kahawa, wanasema yamekwisha, wanaondoka. Naye shangazi yenu amechoka kupakwa puti. Anamngoja mume wake aseme lile jambo la kwanza, ambalo yeye na mumewe wanalijua na nyinyi haliwahusu. Mpaka siku hiyo, mkisikia watu wanalalamika kuwa ugomvi wa nyumba ile umerudi tena, wajibuni kwa adabu: ufa haukurudi, haukuondoka.