Tuzo Moja kwa Msiba wa Mihayo

Sogeeni karibu, maana hadithi hii haina mwisho mpaka nyinyi muuseme.

Palikuwa na watu watatu wa filamu. Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, alijaliwa kutunga, ingawa kwa miaka sita hakuandika hata mstari. Kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba wazo haliitwi kama kuku, huja lenyewe. Siwema, Mzaramo, alijaliwa kuigiza, wala hakuwahi kukariri maneno ya mtu. Kalinga alijaliwa kuhariri: mpe picha za foleni ya maji, atakutolea harusi.

Wazo lilimjia Mihayo siku aliyomzika mama yake. Udongo haujamkauka mikononi, akatoa daftari na kunakili vilio vya dada zake. Aliona haya, lakini aliandika. Ikawa hadithi ya majonzi matupu. Hakuweka ndani yake watani, wale Wazaramo ambao kwa desturi huja kumtania hata marehemu, kwani kwenye msiba wenyewe pia aliwafukuza. Alidai msiba wa msomi si mahali pa mizaha.

Siku ya kupiga picha, Siwema alitakiwa alie kando ya kaburi. Akamwona Mihayo nyuma ya kamera, machozi yanamtiririka kweli. Mzaramo amwache Mnyamwezi afiwe hivihivi? Akajitosa kaburini, akajilaza, akamgombeza marehemu kwa kuiachia dunia mtoto mvivu wa kuandika, na akagoma kutoka. Waombolezaji wote wakaangua kicheko, na kamera ikanasa kila kitu.

Kalinga alipoletewa picha hizo alikata vilio vyote, akabakiza utani. Filamu ikatoka kichekesho. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na ikashinda tuzo ya wazo bora la mwaka. Tuzo ni moja, nayo huchongwa jina moja tu.

Mihayo hakucheka. Alikaa ukumbini akiwasikia watu mia tatu wakicheka maziko ya mama yake, akatamani ardhi immeze.

"Yule ni mama yangu," aliwaambia wenzake. "Bila kifo chake mngekuwa na nini? Mimi nimebakiwa na hiyo tuzo tu."

"Mama yako ulimzika nusu," Siwema alimjibu taratibu. "Watani wake uliwafukuza. Mimi ndiye niliyemalizia maziko."

Kalinga yeye alisema kilio cha mmoja na mzaha wa mwingine vilikuwa saa tisa za picha zisizotazamika. Aliyeiona filamu mle ndani ni yeye.

Tangu hapo, kila Mihayo anapomlilia mama yake, hajui kama ni uchungu au anatafuta wazo jingine, na jambo hilo linamuua polepole.

Mchongaji bado anasubiri jina. Msiniulize mimi, nilicheka kama wengine. Wewe je: angekuwa mama yako, ungechonga jina la nani?